Upinde Uliopiga Goti

Rudisha mlango, Phelista, lakini usitie komeo, kisha njoo uniinulie huu mto kidogo, maana nataka kuwaona wote watatu ninapozungumza. Jotham, kaa kwenye kiti cha baba yako. Kevin, usisimame dirishani kama mtu anayengoja gari la Chwele. Kaa hapa miguuni pangu. Daktari wa Bungoma alipoturudisha nyumbani alinizungusha kwa maneno mengi, lakini mimi nimeuguza na nimezika, najua chumba kama hiki kinavyonuka, kwa hiyo tusidanganyane. Leo nina pumzi, na kesho siijui. Nitasema yangu mara moja, na atakayenikatiza nitamwacha amalizie yeye.

Kwanza leteni ule upinde.

Msitazamane. Ule mnaoukwangua nyuma ya jiko. Mlidhani mgonjwa ni kiziwi? Kichwa changu kiko hapa na ukuta wa jiko uko hapo, na mimi nimeishi na mtengeneza pinde tangu nilipoolewa hadi siku nilipomzika. Sauti ya panga kwenye mti naijua, sauti ya kisu naijua, na hii ninayoisikia kila asubuhi ni ya kipande cha chupa, maana yake umbo limekwisha kutoka na sasa mnaufundisha kupinda. Tena nikikohoa sana, asubuhi yake mnakwangua kwa haraka. Nikiamka nikamaliza uji, mnakwangua polepole. Mnashindana na mimi. Mnataka upinde uwe tayari kabla ya mimi kuwa tayari.

Unasema ni wa kufukuza tumbili kwenye mahindi, Kevin. Tumbili gani huyo wa Kamukuywa anayehitaji upinde mrefu kuliko wewe? Nenda, Jotham. Ulete ulivyo, na kamba yake.

Wakati anaufuata tumalize ya mali, kwa sababu si mengi. Hapa nyumbani mtagawana wewe, Kevin, na Jotham, yeye upande wa mto, wewe upande wa barabara, na kaburi la baba yenu na langu libaki katikati bila kulimwa. Yule ng'ombe mwekundu ni wa Jotham kwa kuwa ndiye aliyemlea. Cherehani ni ya Phelista. Shamba la Kitale ni la Phelista pia. Ndiyo, nimesema Phelista, usininyanyulie nyusi. Ninyi wawili mkifika Kitale hamtazami mahindi, mnatazama mahali baba yenu alipoangukia, mnarudi na uso wa kupigana, na magugu mnayaacha vilevile. Huyu akienda anapalilia. Mzee wa mtaa na mchungaji wanajua, nimewaambia wote wawili wakiwa wamekaa hapo ulipokaa.

Nipe, Jotham. Uweke hapa mapajani.

Mnajua kwamba sijawahi kugusa upinde? Baba yenu Wabwile alikuwa na sheria zake, na ya kwanza ilikuwa hiyo, kwamba mkono wa mwanamke haugusi mti wa upinde, na upinde ambao mwanamke ameuruka au ameulalia hautiwi kamba tena, unachomwa. Lakini macho yake yalianza kufifia mapema. Karibu aliona, mbali hakuona, na kufundisha upinde ni kazi ya kutazama kutoka mbali. Basi yeye aliutundika kwenye kigingi pale ukutani, akavuta kamba kwenda chini kidogo kidogo, na mimi nilisimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi nikimwambia, mkono wa kushoto wa upinde ni mgumu, hapo juu ya mshiko haujaamka, shusha, usivute zaidi. Alitia alama ya mkaa nilipomwelekeza, akaondoa unga mwembamba wa mti kwa chupa, akavuta tena. Wake za watu walikuwa wanaimba kwaya wakati huo, mimi nilikuwa macho ya mwanamume. Pinde zilizobebwa na walinzi wa usiku Kitale nzima, walinzi wa maghala ya mahindi na wa maduka ya Wahindi na wa shule, nyingi zilipita mbele ya macho haya. Wabwile alipata sifa na mimi nilipata masizi, maana miti yote aliikausha juu ya moto wangu.

Hii ni mara ya kwanza kuushika. Na huu mlionipa ni upinde wa aibu.

Sisemi kwa matusi. Weka kidole hapa, Jotham. Mgongo wa upinde ni upande unaomtazama adui, na tumbo ni upande unaokutazama wewe. Tumbo ndilo linalokwanguliwa. Mgongo haukwanguliwi. Baba yako akishaondoa ganda alifuata mstari mmoja wa mti kutoka ncha hadi ncha, mstari ukienda kombo alikwenda nao kombo, ukizunguka fundo alizunguka nao, kwa sababu huo mstari mmoja ndio unaobeba nguvu zote. Wewe umeukata hapa ili upinde unyooke upendeze. Umeupamba. Na hapa, chini ya mshiko, umekwangua mahali palepale siku baada ya siku kwa sababu palikuwa rahisi kukwangua. Umeufanya upige goti. Baba yenu ndivyo alivyosema, kwamba upinde mzuri hupinda mwili mzima kama mgongo wa paka, na upinde mbaya hupinda mahali pamoja tu kama mguu wa mtu, hapo umepiga goti, na goti halirudi. Unalosahau, mwanangu, ni kwamba palipo pagumu ndipo pa kukwangua. Palipo laini panaachwa.

Na mti wenyewe ni mbichi. Nausikia ubaridi wake kwenye mapaja kama nimewekewa samaki. Mti wa mkole unakatwa, unapakwa mafuta ya ng'ombe kwenye ncha zote mbili usipasuke, unalazwa juu ya moshi mpaka mvua zije ziondoke na zije tena. Ninyi mmeukata nilipoanza kulala mchana. Mmenihesabia, mkaona mti hauna muda wa kukauka.

Kulikuwa na mlinzi mmoja Kitale aliyeitwa Kimotho, mtu wa haraka, aliyemlazimisha baba yenu kumpa upinde kabla haujakauka. Wabwile alimwambia, "Bwana Kimotho, huu bado unalia maji." Akajibu, "Wewe nipe, wezi hawangoji mti ukauke." Wezi walipokuja kweli, aliuvuta hadi shavuni ukavunjika, kipande cha juu kikamrudia usoni kikaling'oa jicho na meno ya mbele pamoja. Wale wezi walicheka kwanza. Kisha wakaokota vile vipande na kumpiga navyo mpaka mkono wake ukakatika mahali pawili. Nilimwona hospitali nilipompelekea uji. Hakuwa na uso wa kuuingizia uji.

Sasa huu utavunjika hapa kwenye goti, na kipande cha juu kitapanda kwa mvutaji. Mvutaji si Jotham. Jotham hana shabaha, hata mawe ya kutungulia maembe yalimshinda. Mvutaji ni wewe Kevin.

Naona unavyonitazama, Jotham. Unangoja niseme upinde huu unavyotengenezwa upya. Unatengenezwa. Kuna njia ya kuupunguza urefu na kuukausha kwa majivu ya moto na kuupunguza mkono wa juu ulingane na wa chini. Naijua yote. Sitaisema.

Haya, tumlete huyo tumbili wenu.

Kwa watu wa nyumba hii kaburi halianzwi na vijana. Mkubwa wa nyumba aliyebaki ndiye anayeonyesha mahali na kupiga jembe la kwanza, wengine wakaendeleza. Mkubwa wa nyumba hii ni Barasa, kaka ya baba yenu, aliyemuua baba yenu. Alifungwa, akazeekea ndani, akatoka, akajichimbia Chwele kwa binti yake, na hajakanyaga hapa kwa sababu anajua ninyi mmekua. Mahali pekee ambapo hawezi kukataa kuja ni kwenye kaburi langu. Phelista alikuona, Kevin, umejibanza kwenye migomba na kamba mkononi, ukipima umbali hadi kwenye kaburi la baba yako. Alidhani unapima mpaka. Mimi nilijua. Mtu anayepiga jembe huinua mikono yote miwili, na mikono ikiinuka mbavu zinabaki wazi. Mmepanga vizuri. Mmepanga mshale upite juu ya jeneza langu.

Kaa chini. Nimesema kaa. Sijawakataza bado, naeleza tu mlichopanga ili kila mmoja asikie kinavyosikika kikisemwa mchana.

Wewe Jotham, ninajua unachobeba. Ulikuwa ndani ya ghala la mahindi kule Kitale nilikokuficha, ukasikia kelele, ukachungulia kwenye ufa, ukamwona Barasa na panga na baba yako amelala. Ulichokiona ni kweli. Ila ulichungulia katikati ya jambo. Mwanzo wake niliuona mimi, na niliusema mahakamani mbele ya watu wote, na umeandikwa huko. Ninyi mlipokua hamkuniuliza, kwa sababu ule wa kwenye ufa uliwatosha.

Babu yenu alipokufa aliacha lile shamba bila mpaka. Barasa alidai lote, Wabwile alidai nusu, wakaenda kwa wazee na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka mahindi tuliyopanda sisi yakakauka shambani. Asubuhi hiyo Barasa alikuja na vijana aliowaokota stendi ya Kitale, vijana wa kubeba mizigo, akawaambia ni shamba lake wavune. Phelista nilikuwa nimemwacha huku Kamukuywa kwa bibi yake, na Kevin nilikuwa naye mgongoni. Wabwile alisimama mlangoni akawatazama, na nilijua anachokitazama ni ukungu tu, watu wanaotembea kwenye mahindi kama vivuli. Nilimwambia, "Baba Jotham, waache wavune, tutakwenda kwa chifu." Akasema, "Mkubwa wangu ananivunia mahindi, mke na watoto wakitazama?" Akautoa upinde wake mwenyewe, ule wa mkole wa zamani, mweusi kwa moshi. Barasa akamcheka kutoka shambani. Alisema, "Piga, kipofu. Piga tuone kama utaipata hata nyumba yako."

Wabwile alipiga.

Hakumpata Barasa. Alimpata kijana mmoja aliyekuwa amebeba gunia la mahindi mabegani, ametugeuzia mgongo, hana panga, hana fimbo, anatembea kuelekea mkokoteni. Mshale uliingia kiunoni ukatokea chini ya kitovu. Sikujua kwamba mshale una sauti unapoingia kwa mtu. Una sauti kama unapochoma viazi kuona kama vimeiva. Hakuanguka mara moja. Alisimama na gunia lake, akageuka, akatutazama kama mtu aliyeitwa jina, kisha akaketi, na gunia likamwangukia mapajani.

Ndipo Barasa alipokuja na panga. Wabwile alikuwa anatafuta mshale wa pili kwa vidole, hakumwona akija. Pigo la kwanza lilikata mkono ulioshika upinde, na upinde wenyewe ukakatika nao. La pili lilikuwa shingoni. Jotham, wewe hapo ndipo ulipochungulia. Halikutosha, akapiga tena, na damu ilinipata usoni na ilimpata Kevin kwenye kofia, ile kofia ya sufu ya njano niliyoichoma. Wale vijana wengine walitupa mahindi wakakimbia. Barasa alikaa chini pale pale, panga likiwa limelala magotini, akawa anasema, "Nanyama, mwambie ainuke. Nanyama, mwambie ainuke." Askari walimkuta hapo hapo.

Mnadhani hapo ndipo kisa kinapoisha. Baba yenu alikufa upesi. Yule kijana hakufa upesi. Aliitwa Gichuki. Nilibaki naye kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine, nimempa Kevin titi huku nimemshika kichwa yule, na mume wangu amelala hatua chache akiwa amefunikwa na kanga. Jua lilipanda likashuka. Aliniomba niutoe ule mshale, nikajua nikiutoa anakufa na nisipoutoa anakufa, nikamwambia tungoje gari. Tumbo lake lilivimba. Aliniuliza kama hilo gunia litahesabiwa amelibeba au hakulibeba. Aliniita mama. Kisha akaanza kulia kwa lugha ya kwao, nami sikuielewa, ila neno moja linafanana kwa watu wote. Kabla gari halijafika alijiuma ulimi akaukata, akatulia.

Hiyo ndiyo kazi ya upinde. Usiniambie utampiga Barasa moyoni afe kwa heshima. Wewe umewahi kupiga tumbili wa mti gani, Kevin?

Sasa sikilizeni deni langu, kwa sababu linarithiwa. Mama yake Gichuki anaitwa Nyaruai. Alikuja na mdogo wake kuchukua maiti, akanikuta bado nimekaa na damu ya watoto wa watu wawili kwenye nguo. Nilidhani atanipiga, nami nilikuwa nimeweka uso tayari. Akaniuliza, "Alisema nini?" Nikamwambia yote, hata habari ya gunia. Hakulia. Akasema, "Huyu ndiye alikuwa wa kunivunia." Basi kila mavuno ninapowaambia nakwenda Kitale kutazama shamba, nakwenda kwa Nyaruai kumvunia. Hatuongei sana. Ananipa chai, navuna, nachambua, narudi. Ana wanawe wengine, wakubwa, wenye mikono kama yenu, na walijua baba yenu alikuwa na mtoto wa kiume kwenye ghala na mwingine mgongoni mwa mama. Mwaka wa kwanza mmoja wao alisimama mlangoni na rungu nilipofika. Nyaruai akamwambia, "Huyo amekuja kuvuna. Kama wewe umekuja kuvuna, chukua mundu. Kama hukuja kuvuna, toka mlangoni." Akachukua mundu. Mnaishi, Jotham. Mmefika umri wa kuniwekea upinde nyuma ya jiko kwa sababu mtu mmoja alichukua mundu.

Mwaka huu sitakwenda. Mtakwenda ninyi wawili. Phelista atawaonyesha nyumba. Msijieleze, msiombe lolote, vuneni.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Siwaambii msamehe. Mchungaji atawaambia hayo, ni kazi yake, na alianza kunieleza mimi nikamwambia anisomee zaburi aende. Mimi Barasa sijamsamehe. Nikimwona nasikia lile panga. Lakini mimi ni mama, na mama hupika kwa kilichomo ndani ya nyumba. Kilichomo ndani ya nyumba hii ni vijana wawili na msichana mmoja. Mkimuua, mmoja atafungwa, na mwingine atabaki akiwaogopa watoto wa Barasa mpaka awe kama Barasa. Phelista atapeleka chakula gerezani na kulima mashamba matatu. Siwezi kufa na hesabu hiyo kichwani.

Ndiyo maana nimefanya nilichofanya. Jana nilimwambia Phelista anishikie simu sikioni, nikampigia Barasa.

Huyo anayekohoa sebuleni tangu mlipokaa si mchungaji.

Kevin. Kevin, keti. Mkono wako uko wapi? Upinde huu hapa, umesahau, na nimekwisha kuulalia. Phelista, nisogeze, uingize chini ya mgongo wangu. Hivyo. Sasa umelaliwa na mwanamke, na mwanamke anayekufa, na kwa sheria ya baba yenu hautiwi kamba tena, ni kuni tu. Mkiutaka mtanipindua. Mpindueni mama yenu basi, nione nani anaanza.

Hakuna? Basi fungua mlango, Phelista.

Karibu, shemeji. Umezeeka. Simama hapo hapo mlangoni, hakuna kiti chako humu, na hawa ndio Jotham na Kevin, ulimwona mmoja na hukumwona mwingine. Hawakuamkii na sitawalazimisha. Nimekuita kwa kazi moja. Nyuma ya huo mlango kuna jembe. Utalichukua, utatoka, utakwenda kando ya kaburi la mdogo wako, upande wa mashariki, na utanipigia jembe la kwanza.

Najua niko hai. Najua ni mwiko.

Unasema, "Nanyama, mtu hachimbiwi akiwa bado anapumua." Na mtu hakatwi shingo kwenye mahindi yake, Barasa, lakini wewe ulikata. Huo ulikuwa mwiko mkubwa kuliko huu na mkono wako haukutetemeka. Chukua jembe. Ukishapiga leo, kazi yako ya mkubwa wa nyumba imekwisha, na siku nitakapokufa huna sababu ya kuja, na ukija utakuwa umekuja mwenyewe, na mimi sitakuwepo kukulinda. Hata kufika mochari Bungoma kwa ajili yangu usifike. Usinililie. Usitume nyanya wala mchele. Unaelewa? Basi itikia kwa mdomo, watoto wasikie.

Ameitikia.

Jotham, wewe utatembea kulia kwake. Kevin, kushoto, karibu, bega liguse bega. Mtasimama hapo hapo anapopiga, na nguo zenu zitarukiwa na udongo wangu. Akimaliza mtamsindikiza mpaka barabarani ilipo pikipiki iliyomleta. Mkitaka kumuua, muueni hapo njiani, mchana, kwa mikono, huku mkisikia pumzi yake. Hakuna migomba. Hakuna kujificha nyuma ya msiba wangu. Mimi nitakuwa hapa nasikiliza. Nendeni.

Phelista, njoo dirishani. Uwe macho yangu. Mimi niliwahi kuwa macho ya mtu, si kazi ngumu, sema tu unachokiona, usiongeze.

Wanatembea. Vizuri. Kevin amekunja ngumi. Mwache akunje. Jotham je? Anatazama chini. Barasa amebeba jembe begani au mkononi? Mkononi. Vizuri.

Wakati wanakwenda nikwambie yaliyobaki, maana sauti inaniacha. Mnivalishe lile gauni la kijani, si jeupe, jeupe linaonyesha kila kitu. Msikodi hema kubwa. Ng'ombe mwekundu asichinjwe, watu wale maharagwe, hawatakufa. Leo akishapiga jembe, hao ndugu zako wachimbe wenyewe mpaka mwisho, kesho, wao wawili, na wafunike shimo kwa mabati mvua isiingie. Wachimbe mpaka mikono itoke malengelenge. Hasira inapenda kazi ya mikono, usipoipa kazi inajitafutia.

Wamefika? Wamesimama vipi. Bega kwa bega. Ameinua.

Kimya. Nisikie.

Amepiga. Nimeisikia hapa mgongoni, kwenye mti huu.

Baba wa mbinguni, sina maneno ya kanisani. Hao wawili walio nje wape mikono ya kulima. Wape wake wenye midomo, watakaowaambia ukweli. Wape watoto, na hao watoto wasije wakachungulia kwenye ufa wowote. Huyu hapa mpe kupumzika, mimi sikupumzika. Walinde barabarani. Walinde... nyumbani zaidi kuliko barabarani. Amina. Sema amina, Phelista, unalia nini sasa, tazama nje.

Wanamsindikiza? Wako wapi. Kwenye uzio. Nani amesimama? Kevin. Kevin amesimama.

Amemshika?

Wapi? Kwenye shati. Na Jotham anafanya nini. Usinifiche. Sema.

Anamtazama tu Kevin.

Usiite. Usimwite, hata mimi sitamwita. Ngoja.

Ngoja.

Hiyo ni pikipiki? Imewaka. Inakwenda upande gani, sikio hili halisikii vizuri. Upande wa Chwele. Ina watu wangapi? Mwendeshaji, na nyuma yake mzee. Una hakika ni mzee. Amekaa wima au ameegemea? Wima. Ameshika kofia yake.

Na wanaorudi, wangapi.

Wawili.

Nitolee huu mti mgongoni, unaniumiza.